Imepokelewa lakini haikufika: kisa cha kichujio cha barua pepe kiwandani Mwanza

Kwa miezi kadhaa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara jijini Mwanza kilikuwa kikitupa barua pepe za mawakala wake wa visiwani. Kiwandani hakuna aliyejua. Mawakala nao hawakujua. Barua zenyewe hazikuwa upuuzi: zilikuwa ankara, picha za hati za mzani na madai ya fedha za samaki ambao walikwisha kupokelewa, kukatwa minofu na kusafirishwa. Wakati huohuo barua za wanunuzi wa Ulaya ziliingia bila shida, na kwa kuwa hizo ndizo wakubwa wa ofisi walizokuwa wakizisubiri, kila aliyeuliza aliambiwa barua pepe iko sawa.

Niliitwa kuukagua mfumo huo. Wenye kiwanda wameniruhusu kukisimulia kisa kwa sharti kwamba wao, mkandarasi wao na mawakala wasitajwe majina. Nimelikubali sharti hilo bila kinyongo, kwani majina hayana kazi hapa. Chenye kazi ni mipangilio iliyowekwa. Programu zilizotumika, yaani Postfix ya kupokea barua, Amavis ya kuzipitisha kwenye ukaguzi na SpamAssassin ya kuzipima, ni za bure na zinatumika katika ofisi, shule na hospitali nyingi duniani. Mstari mmoja wa maandishi unatosha kulirudia tatizo hili mahali pengine, na wanaoumia watakuwa watu walewale: wadogo, wanaoandika kwa Kiswahili, wasio na mtu wa kumpigia simu makao makuu.

Ankara inavyosafiri

Wakala wa samaki yuko mwaloni, ufukweni ambako wavuvi hushusha samaki. Ananunua sangara kwa wavuvi wa Ukerewe, Ukara, Kome au Maisome, anawalaza kwenye barafu, anawapakia kwenye boti hadi Mwanza. Kiwandani mzigo unapimwa, walioharibika wanatolewa, naye anapewa hati ya mzani. Baada ya hapo anaandika ankara na kuituma idara ya uhasibu pamoja na picha ya ile hati. Fedha ikichelewa, wa kwanza kubanwa ni yeye, maana wavuvi wanamdai, na wavuvi nao wanadaiwa mafuta ya injini na nyavu. Mwaloni hakuna anayekopeshwa kwa maelezo kwamba kompyuta ya mjini ina matatizo.

Kiwanda kilikuwa kimekataza ankara za WhatsApp, na kilikuwa na sababu. Tangu Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa hofu za kiafya, viwanda vya minofu vimejifunza kutunza kumbukumbu: mzigo upi umetoka mwalo upi, siku gani, umepokelewa na nani. Barua pepe inatunzika na kutafutika, na mkaguzi akija unamfungulia. Kwa hiyo wakala ambaye kompyuta yake ni simu ya mkononi alilazimika kufungua anwani ya Gmail na kuanza kuandika.

Na waliandika vizuri. Hili nataka lieleweke kabla sijafika kwenye seva. Nilionyeshwa barua za mawakala kadhaa kwenye simu zao, na karibu zote zilifuata utaratibu tuliofundishwa shuleni wa barua ya kikazi. Juu kabisa, mahali pa kichwa cha barua: YAH: KUOMBA MALIPO YA SAMAKI. Kisha salamu, kisha tarehe ya mzigo, kilo zilizopimwa, bei, jumla. Mwisho: naomba kuwasilisha. Huyo ni mtu anayeiheshimu ofisi anayoiandikia. Kama utakavyoona, heshima hiyo ndiyo iliyomponza.

Hofu iliyotangulia

Kabla ya haya yote kiwanda kilinusurika kutapeliwa. Mhasibu alipokea barua ya Kiingereza safi kutoka kwa msambazaji wa mashine wa nje ya nchi, ikieleza kwamba akaunti yao ya benki imebadilika na malipo yajayo yaelekezwe kwenye akaunti mpya. Anwani ilikuwa ya kweli. Matapeli walikuwa wameliiba nenosiri la mfanyakazi wa yule msambazaji, wakakaa kimya wakisoma mazungumzo, kisha wakaandika kwa wakati wake. Fedha ilisimamishwa benki dakika za mwisho. Mkurugenzi akamwambia mkandarasi wa mtandao maneno mafupi: kaza kila kitu.

Mkandarasi akakaza. SpamAssassin huipa kila barua alama kulingana na kanuni inazozigusa, na inayofikisha alama 5 huhesabiwa kuwa spamu, yaani barua taka; hiyo ndiyo namba programu inayokuja nayo. Yeye akaishusha hadi 3. Akaongeza kanuni yake mwenyewe ya alama 1 kwa barua yoyote yenye maneno ya fedha na haraka, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Akawasha kipengele cha kutambua lugha, TextCat, ambacho husoma maandishi na kukisia yameandikwa kwa lugha gani. Kwenye mstari wa ok_languages, ambako unaorodhesha lugha ambazo ofisi yako inazitarajia, akaweka herufi mbili tu: en. Maelezo yake aliponipa yalikuwa na mantiki. Spamu za Kichina na Kirusi zilikuwa zikimiminika, na mikataba yote ya kiwanda aliyowahi kuiona ilikuwa ya Kiingereza.

Mwisho akaamua kwamba barua iliyovuka kizingiti itupwe. Isirudishwe kwa aliyetuma, isiwekwe kwenye folda ya barua taka, isiwekwe karantini, yaani pembeni ili ikaguliwe baadaye.

Sitaki kumfanya mtu huyu aonekane mjinga, kwa sababu si mjinga. Kila hatua, ukiitazama peke yake, ina utetezi wake. Kilichokosekana ni swali moja: kiwanda hiki kinaandikiwa na nani? Angefungua kisanduku cha mhasibu na kusoma barua za wiki moja, angekuta nyingi ni za Kiswahili.

Mbona hii imefika?

Malalamiko yalianza kwa simu. Wakala mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, mzee aliyefanya biashara na kiwanda hicho kwa miaka mingi, alimpigia mhasibu. Mhasibu amenisimulia mazungumzo hayo, na mzee mwenyewe alinisimulia vilevile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ile ankara ya juzi umeiona?"

"Sijaiona mzee wangu. Hebu nitumie barua ya majaribio sasa hivi, tuone."

Mzee akaandika neno moja, Jaribio, akatuma. Likaingia kabla hawajakata simu.

"Hii imefika mzee."

"Sasa kama hii imefika, ile imekwama wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mzee akaituma tena ankara yake, neno kwa neno, na haikufika. Akatuma barua fupi kuuliza kama kiwanda kitapokea mzigo wakati wa sikukuu, ikafika, akajibiwa. Akaandika barua ndefu zaidi ya kueleza deni lake tangu mwanzo, mzigo baada ya mzigo, kwa lugha ya upole. Haikufika.

Mtu yeyote angefikiri alichofikiri mzee. Ukiuliza ratiba unajibiwa, ukidai haki yako unanyamaziwa. Alishindwa kuamini kwamba mashine inaweza kuchagua namna hiyo; mtu ndiye anayechagua namna hiyo. Akaanza kupeleka nusu ya samaki wake kwa mnunuzi mwingine. Upande wa pili, mhasibu naye alikuwa amekwisha kujiridhisha kwamba mzee hatumi kitu, kwamba anatafuta kisingizio cha kulipwa bila hati. Watu wawili wakweli, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo, na kila mmoja akiwa na ushahidi mkononi. Hasara ya namna hii huwezi kuipigia hesabu kwa shilingi, na ndiyo iliyoniuma kuliko ile ya ankara zenyewe.

Ndani ya logi

Nilimwomba mzee anipigie picha ya folda yake ya barua zilizotumwa, ionyeshe saa na dakika. Nikazitafuta dakika hizo kwenye logi za seva ya kiwanda, yaani kumbukumbu ambazo seva hujiandikia za kila inachofanya. Zilikuwepo. Seva ya Google iligonga hodi, ikajitambulisha, ikakabidhi barua, na Postfix ikajibu 250. Sekunde chache baadaye, baada ya barua kupita kwa Amavis, mstari mwingine ulikuwa na maneno haya: "status=sent", na pembeni yake "250 2.7.0 Ok, discarded".

Tuutazame mstari huo kwa karibu, maana humo ndimo siri yote ilimojificha. Sehemu ya kwanza inasema imetumwa. Sehemu ya pili inasema sawa, imetupwa. Fundi anayepitisha macho haraka akitafuta neno la kushindwa hatakutana nalo, kwa sababu kwa mtazamo wa programu hakuna kilichoshindikana. Mkandarasi aliwahi kuzikagua logi baada ya malalamiko ya kwanza, akaona barua zote za mzee zina alama ya kutumwa, akaripoti kwa uaminifu kwamba seva haina kosa.

Namba 250 si ya mapambo. Kwenye SMTP, taratibu ambazo seva za barua zinaongea kwazo tangu 1982, seva inayojibu 250 baada ya kukabidhiwa barua inakuwa imeibeba dhamana yake. Kuanzia hapo Google haina tena kazi na barua ile. Imekwisha kukabidhi na kupewa risiti. Waraka wa viwango vya SMTP, RFC 5321 wa 2008, unasema wazi kwamba seva iliyopokea barua haipaswi kuipoteza kwa sababu za kipuuzi, na kwamba kutupa kimyakimya kufikiriwe pale tu ambapo kuna uhakika mkubwa sana kuwa barua ni ya ulaghai mzito au haifai kabisa. Alama 3 za SpamAssassin haziwezi kuitwa uhakika mkubwa sana. Hata 5 haziwezi.

Kuna sababu moja ya haki inayowafanya mafundi waogope kurudisha barua, nami nitaitaja ili nisimwonee mtu. Watuma spamu hughushi anwani. Seva ikipokea kwanza halafu ikatuma taarifa ya kukataa baadaye, taarifa hiyo humwangukia mtu asiyehusika ambaye anwani yake imeibwa, na seva yako yenyewe inaweza kuorodheshwa kama msumbufu. Ndiyo maana wengi huamua bora kutupa. Lakini kuna njia ya tatu: kagua barua wakati mtumaji bado yuko mlangoni, kabla hujasema 250. Ukikataa hapo, hutumi taarifa kwa yeyote. Seva ya mtumaji ndiyo inayomwambia mwenyewe kwamba barua yako imekataliwa na hii ndiyo sababu. Kwa mtuma spamu halisi hakuna anayeambiwa, kwa sababu programu yake haijali majibu.

Hesabu ya barua moja

Barua ya mzee ilipata alama 4.3. Kanuni ya lugha isiyotarajiwa, ambayo kwenye ripoti huonekana kwa jina UNWANTED_LANGUAGE_BODY, iliipa 2.8. Kichwa cha barua kilichoandikwa chote kwa herufi kubwa kiliipa nusu. Kanuni ya mkandarasi kuhusu maneno ya fedha iliipa 1.

Sasa angalia 2.8 na kizingiti cha 3. Kila barua ndefu ya Kiswahili iliyobisha hodi kwenye seva ile ilikuwa imebakiza 0.2 tu kabla ya kutupwa, hata kama inasema habari za asubuhi. Ikiwa na YAH kwa herufi kubwa, imekwenda. Ikitaja malipo, imekwenda. Isipokuwa na kimojawapo, inapenya kwa kubana pumzi. Hapo ndipo lile fumbo la barua za ratiba kujibiwa na za madai kunyamaziwa lilipofumbuka.

Na Jaribio? TextCat inahitaji maandishi ya kutosha ili itambue lugha. Ukiipa neno moja au sentensi mbili haina uhakika, hivyo hunyamaza na haitoi alama yoyote. Ukiipa barua ndefu, yenye salamu kamili na maelezo yaliyopangwa, inaitambua bila wasiwasi kuwa ni Kiswahili. Yaani kadiri mzee alivyojitahidi kujieleza, ndivyo mashine ilivyokuwa na hakika zaidi ya kumtupa. Jaribio fupi lililotumika kupima mfumo ndilo hasa lililokuwa na hakika ya kupita. Tangu siku hiyo nikipima kichujio sitaki neno moja; nataka barua ileile iliyopotea, yote, na kiambatisho chake.

Jambo jingine ambalo sijaacha kulifikiria: Kiswahili kimo katika orodha ya lugha ambazo TextCat inazifahamu. Herufi zake ni sw. Programu iliyotengenezwa mbali na ziwa hili ilikuwa tayari kukipokea Kiswahili kama mgeni wa heshima. Aliyekifungia nje ni sisi wenyewe, hapa Mwanza, kwenye ofisi ambayo watu wake huzungumza Kiswahili kuanzia getini hadi chumba cha barafu.

Kisha nikaichukua ile barua ya utapeli iliyoanzisha hofu yote, nikaipitisha kwenye mipangilio ile iliyokazwa na mkandarasi. Kiingereza, hivyo lugha ni 0. Kichwa cha kawaida, 0. Imetoka kwenye seva halisi ya kampuni halisi, ikiwa na saini halali ya DKIM, ambayo seva huiweka kuthibitisha barua imetoka kwake, maana aliyeingia kwa nenosiri la wizi husainiwa kama mwenye mali. Imetaja malipo, 1. Jumla yake haikukaribia 3. Kichujio kilichowekwa ili kumzuia tapeli yule kingemfungulia mlango tena kesho, huku kikimfungia mzee wa Nansio. Nilipomwonyesha mkurugenzi hesabu hizo mbili zikiwa kando kwa kando alinyamaza kidogo, kisha akamwita mhasibu aje azione naye.

Aliyekataliwa mlangoni alijua

Katika kipindi hichohicho, muuzaji wa maboksi wa hapahapa mjini naye alizuiwa. Yeye ana anwani ya .co.tz, na tovuti yake imepangishwa kwenye seva moja na tovuti nyingine nyingi za watu asiowajua. Mojawapo ilidukuliwa ikaanza kumwaga spamu, na anwani ya IP ya seva nzima, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni, ikaingia kwenye orodha nyeusi ya watuma spamu. Seva ya kiwanda ilikuwa ikiiuliza orodha hiyo kabla ya kupokea chochote, na jibu likawa 554: sikupokei.

Naye alionewa kama mzee, bila kosa lake lolote. Lakini ndani ya dakika chache alikuwa na taarifa kwenye kisanduku chake: barua yako haikufika, IP fulani imeorodheshwa mahali fulani. Akampigia aliyempangisha, akapiga simu kiwandani, akapeleka ankara yake kwa mkono siku hiyohiyo. Hakumshuku mtu yeyote. Mwenye seva alisafisha ule uchafu, IP ikaondolewa kwenye orodha, mambo yakaisha.

Nawaomba mafundi wenzangu wazitazame hadithi hizi mbili pamoja. Kuzuia kimakosa kutatokea. Hakuna kichujio kisichokosea. Orodha nyeusi zenyewe zina historia yake. ORDB, mojawapo ya orodha hizo, ilifungwa Desemba 2006, na Machi 2008 ikaanza kumjibu kila aliyekuwa bado anaiuliza kwamba kila IP duniani ni ya spamu, ili kuwaamsha waliosahau kuiondoa kwenye seva zao. Tarehe 1 Januari 2010 SpamAssassin nayo iliamka na kanuni iliyouona mwaka 2010 kama tarehe ya mbali isiyowezekana, na kwenye mipangilio mingi kanuni hiyo peke yake ilitoa zaidi ya alama 3. Waliokuwa wamebaki na kizingiti cha 5 waliokoa barua nyingi. Fikiria hali ya aliyekuwa ameweka 3. Kampuni kubwa hazikuokoka pia: Verizon ya Marekani, mwishoni mwa 2004, ilizuia barua kutoka sehemu kubwa ya Ulaya kwa jina la kupambana na spamu, wateja wake wakaipeleka mahakamani. Kosa litatokea, kwa hiyo kinachobaki mikononi mwa fundi ni kuhakikisha aliyekosewa anajua.

Tulichobadilisha

Kutupa ndiko tulikokuondoa kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine. Barua inayovuka kizingiti sasa inaingia kwenye folda ya barua taka ya mwenyewe, na inayopata alama nyingi kupindukia inakataliwa mlangoni. Ili hilo liwezekane tulihamisha ukaguzi uje kabla ya seva kusema imepokea. Kazi hiyo ilihitaji kumbukumbu zaidi (RAM) kwenye seva, maana mtumaji anasubiri wakati barua yake ikipimwa. Maneno ya kukataa tuliyaandika wenyewe kwa Kiswahili na Kiingereza, pamoja na namba ya simu ya uhasibu. Anwani ya postmaster, yaani ya msimamizi wa barua, ambayo RFC 5321 inataka kila seva iipokee, tuliiondoa kabisa kwenye uchujaji, ili aliyezuiwa awe na mahali pa kulalamikia pasipo na kichujio kilekile kilichomzuia.

Kizingiti kilirudi 5. Kanuni ya maneno ya fedha ilifutwa. Ofisi ya uhasibu ambayo haitaki kusikia neno malipo ifanye kazi gani? Kwenye mstari wa lugha mkandarasi alitaka kuongeza sw na kuacha hapo. Mimi nilishauri kipengele chote kizimwe, na tulibishana. Hoja yangu ilikuwa kwamba mawakala huchanganya Kiswahili na Kiingereza, wanunuzi wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, huandika Kichina, na kukisia lugha hakukuambii chochote juu ya nia ya mtu. Tulikubaliana kukibakiza kikiwa na alama kidogo sana, kiasi kwamba hakiwezi kuamua lolote peke yake. Bado naona kingezimwa.

Mafunzo ya kichujio yanataka subira. Sehemu ya SpamAssassin inayojifunza kutokana na barua halisi haianzi kufanya kazi mpaka ionyeshwe barua njema zisizopungua 200 na spamu zisizopungua 200. Barua njema zilipatikana kwa wingi: mhasibu alikuwa na miaka ya ankara za mawakala kwenye folda zake, nyingi zikiwa na YAH juu. Hizo ndizo tulizoifundishia.

Orodha ya wanaoaminika tuliiandika kwa uangalifu. Ni rahisi kuandika anwani ya mzee na kusema huyu apite siku zote, lakini jina lililo juu ya barua linaghushiwa na yeyote. Kwa hiyo anwani iliyo kwenye orodha hupata ahueni pale tu ambapo SPF au DKIM inathibitisha kwamba barua imetoka kweli mahali inaposema. Kwa wanaotumia Gmail hilo halina gharama, maana Google husaini barua zote zinazotoka kwake.

Na utapeli wa akaunti za benki uliondolewa kabisa kwenye mikono ya kichujio. Sasa yeyote anayesema akaunti yake imebadilika anapigiwa simu kwa namba iliyokuwepo kwenye faili tangu zamani, isiyo ile iliyo kwenye barua, na anayepiga si yule anayeidhinisha malipo. Hatua hii haikuhitaji programu yoyote. Ingewekwa siku ileile ya mwanzo, hakuna mtu angehitaji kukaza kitu.

Kilichobaki

Logi za seva ile zilikuwa zikizungushwa kila wiki na kubakizwa wiki nne, kama mifumo mingi ya Linux inavyokuja. Kwa hiyo tuliweza kuorodhesha barua zilizotupwa katika wiki hizo tu, na kuwaandikia waliozituma mmoja mmoja. Za kabla ya hapo hazikuacha alama yoyote kiwandani. Barua zenyewe hazikuwepo, kwani hapakuwa na karantini.

Mhasibu ndiye aliyepata njia, na ningependa sifa hii ibaki kwake. Alichukua daftari la mzani, ambamo kila mzigo huandikwa kwa mkono pamoja na jina la aliyeuleta, akalilinganisha na malipo yaliyotoka. Kila mzigo uliopimwa usiokuwa na malipo ulikuwa, kwa uwezekano mkubwa, ankara iliyotupwa. Akawapigia mawakala hao simu yeye mwenyewe kabla hawajampigia, akawaomba radhi kwa niaba ya ofisi, akawaomba watume ankara upya. Mzee wa Nansio alikuwa amehifadhi barua zake zote kwenye simu. Alizituma kwa mfuatano jioni moja, zote kwa Kiswahili, zote na YAH kwa herufi kubwa, na zote ziliingia.

Amelipwa deni lote. Nusu ya samaki wake bado inakwenda kwa yule mnunuzi mwingine, kwa sababu katika kipindi kile alikopa barafu na mafuta kwake, na makubaliano waliyoweka hayajaisha. Mkandarasi naye ameendelea na kazi, ila mkataba wake mpya unamtaka kila mwezi ampelekee mhasibu orodha ya barua zote zilizozuiwa, zikiwa na jina la aliyetuma na kichwa cha barua, na mhasibu ndiye anayetia saini kwamba ameisoma.